Aikande wa "Nipo Sakina"

Wasikilizaji wapendwa, Aikande Elirehema hatunaye tena. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Aikande, mwimbaji wa "Nipo Sakina", alifariki Jumanne kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Amezikwa jana, nyumbani kwao Tengeru.

Mnaijua sauti yake. Mwenyewe wengi hamkumjua. Aikande aliuza mitumba Kwa Mrombo, blauzi za kike, na kila blauzi aliipiga pasi kabla ya kuitundika. Mchumba wake, Gidion, alikuwa fundi wa magari mtaani kwao Sakina. Mwaka 1995 Gidion alipanda basi kwenda kutafuta maisha Sauzi. Alimwambia, "Miaka miwili tu, mama. Usibadilishe hata kitasa."

Miaka miwili ikawa mitatu. Barua zikaanza kuadimika. Aikande akaingia studio, akaimba kwamba hata miaka ipite, yeye yupo Sakina, mlango ni uleule. Wimbo ukasikika baa, saluni, hadi kwenye mabasi ya Nairobi. Wenye waume machimboni Mererani, wenye wake Dar, wote walituletea kadi za salamu wakiomba huohuo. Tukaupiga kila Jumamosi.

Wasikilizaji wapendwa, Gidion hakurudi. Mwaka 2000 alituma picha. Amevaa suti, kampakata mtoto, pembeni yupo mke. Anneth, mdogo wake Aikande, anasema dada yake hakulia. "Aliitazama, akasema, 'Kumbe kanenepa.' Akaenda sokoni."

Kisha akaja Philemoni, seremala wa Tengeru, mwanamume mtulivu. Wakapendana. Hapo ndipo wimbo ulipomgeuka. Wateja walimtania: "Dada, fundi akirudi tumwambie umehamia wapi?" Mmoja, ambaye mume wake alikuwa mbali, hakuja kwa utani. Alimtupia blauzi usoni. "Mimi ulinifundisha kuvumilia. Leo wewe unaolewa?"

Mama yake Philemoni naye akagoma. "Sina ubaya na wewe, mwanangu. Lakini kila Jumamosi redio inasema unamngoja mwanamume mwingine. Majirani wana masikio. Nitawajibu nini?"

Mwaka 2002 Aikande akaja hapa kituoni. Alikuwa na kadi ya salamu, kainunua dukani kama msikilizaji yeyote. Aliandika: Mimi Aikande simngoji tena Gidion. Naomba wimbo upumzike.

Aliyempokea ni mimi. Nilicheka. Nikamwambia, "Dada, nikiisoma hii nitawavunja watu moyo. Wimbo huu si wako peke yako tena."

Akasema, "Kaka, mimi natafuta ndoa. Umaarufu kaeni nao."

Kadi nikaitupia kwenye droo. Jumamosi tukaupiga.

Philemoni alivumilia mwaka mzima, mama yake hakulegeza msimamo. Akaoa kwingine. Aikande akabaki Sakina, chumba kilekile, watu wakimsifu kwa uaminifu ambao hakuutaka. Akienda harusini, aliombwa aimbe. Akienda kanisani, akina mama waliwaonyesha binti zao: mtazameni yule. Anneth anasema miaka ya mwisho dada yake alizima redio kila Jumamosi. Haikusaidia. Jirani aliwasha ya kwake.

Jana makaburini vijana walileta spika, wakaupiga. Nadhani walitaka kumheshimu. Anneth aliwafuata, akachomoa waya.

"Dada yangu hakumngoja mtu," alisema. "Ninyi ndio mlimngojesha."

Wa kwanza ni mimi.

Poleni sana mama mzazi na Anneth. Pole Philemoni, nilikuona umesimama nyuma kabisa. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu mbali anakungoja, nawe unajua hurudi, mwambie leo. Si kwa picha. Na wewe uliyechoka kungoja, ondoka. Usiombe ruhusa yetu.

Najua simu zinaita hapa studio, mnauomba wimbo. Hatuupigi.