Vigari Viwili Mbele ya Kinyozi

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia wana dawa ya kila tatizo duniani isipokuwa lile tofali. Asubuhi hiyo dalali alikuwa ameegesha vigari viwili hapo: kimoja cha kawaida, kile ambacho kila mwalimu anacho, na kingine kimo kilekile, milango mitano ileile, ila cha kifahari, kina nembo inayong'aa puani. Akaacha funguo benchini, akaondoka na dereva wake kwenda kutoa nakala za karatasi. Kinyozi achague cha kununua. Mkewe alishamwambia tangu alfajiri, chochote, baba, chochote, mradi mtoto afike hospitali, kifua kinapiga filimbi, na yeye akajibu anarudi sasa hivi.

Saa tano mke akatoka mwenyewe, mtoto kifuani, kandambili si za jozi moja, akamkuta mumewe na wanabenchi wenzake kwenye kikombe cha tatu cha kahawa.

— Hili la kifahari viti vyake vinapasha joto, alikuwa akisema Profesa, mshona viatu.

— Joto la nini, na jua hili? akauliza Waziri, aliyewahi kuwa tarishi wa ofisi moja na hajapona bado.

— La heshima, mzee. Ukishuka umepashwa, daktari anakuanza wewe.

Waziri akasema la kawaida lina spea kila duka. Profesa akamjibu kwamba gari la heshima haliharibiki, linaona haya; na wahenga walishamaliza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo gari zuri halitembei ovyo. Kinyozi akawaitikia wote wawili.

— Baba, anabanwa, mbavu zinaingia ndani, mwangalie, twende, lolote, twende.

— Shemeji, akasema Profesa kwa upole wa aliyeshiba, haraka haraka haina baraka. Gari la kwanza la mtoto ni kama jina.

Mke akazitazama funguo, akawatazama wao.

— Nani kati yenu anajua kuendesha?

Profesa akakoroga kahawa isiyo na sukari. Waziri akakumbusha kuwa amekaa kando ya dereva miaka kumi na tisa. Kinyozi akasema angejifunza, akishachagua.

Mama muuza kahawa, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno zaidi ya "ongeza", akafuta mikono, akaokota ufunguo mmoja.

— Niliendesha gari la mikate miaka sita. Panda nyuma, mwanangu, mkalishe wima.

— La kawaida? Profesa akainuka. Kwa kigezo gani hasa, mama?

— Liko mbele.

Likanguruma, likatoka. Mtoto, wima sasa, akavuta pumzi moja ndefu kidogo, kisha nyingine, na mama yake akazihesabu. Alipogeukia kioo cha nyuma, alimwona mumewe akikimbia kuwafuata: akafungua mlango wa lile la kifahari, akakaa upande wa abiria, akafunga mkanda, akasubiri.