Siku Seva ya Hospitali Ilipokufa Mikononi Mwangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Mimi ni Tumaini, mzaliwa wa Ibaba, natunza kompyuta za hospitali yetu huku milimani. Sikuja na ushuhuda wa kuchekesha.

Taarifa za wagonjwa wote zilikuwa ndani ya seva moja, kompyuta kubwa iliyozeeka hadi ikawa inakwaruza kama gari bovu kwenye mlima. Ikaletwa mashine mpya. Nikapewa kazi ya kuihamishia ile ya zamani humo, iwe mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine.

Njia zilikuwa tatu. Kuinakili nzima ikiendelea kufanya kazi, wagonjwa wasisubiri. Kuizima kwanza ndipo niinakili, lakini kwa uzee ule, ingewaka tena? Au kuunda mashine pepe tupu na kuhamisha taarifa peke yake, kazi ndefu mno. Nilifunga, nikaomba. Ndugu zangu, mbingu zilikuwa kimya! Mwishowe tukakubaliana na wakubwa: tuinakili ikiwa hai.

Katikati ya kunakili, diski ya ile seva ya zamani ikafa. Nakala niliyobaki nayo haikuwaka. Nikajaribu, nikajaribu tena. Skrini nyeusi!

Nje benchi lilikuwa limejaa. Mama Atupele alikuwa amemleta binti yake mwenye kifafa. Dawa zilikuwa zimemwishia, na kipimo chake kilikuwa kimebadilishwa safari iliyopita. Mama hakukikumbuka, na daktari aliogopa kukisia. Wakiwa wanasubiri, mtoto akaanguka, akatetemeka pale sakafuni. Nilipotoka, mama yake akanitazama.

"Dada, si mlisema mmetuandika humo?"

 Nikaingia stoo ya mashuka, nikajifungia, nikasema, "Bwana, nichukue." Sikuwa natania, ndugu zangu. Nilitamani nisiwepo kabisa.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, mama asiye na maneno mengi, akagonga mpaka nikamfungulia. Akaketi juu ya marobota.

"Tumaini, mashine nzima ya nini? Nitolee taarifa za wagonjwa. Utakazopata, hizo hizo."

Ile ilikuwa njia ya tatu! Nikainuka. Nikaunda mashine pepe mpya, tupu, nikaanza kuchota taarifa kutoka kwenye ile nakala mbovu, mgonjwa mmoja mmoja, machozi yakidondokea vidoleni. Mara jina la Atupele likatokea. Na kipimo chake! Nikapiga kelele hadi manesi wakaja mbio. Mtoto akapata dawa, akalala mapajani pa mama yake.

Sitawadanganya. Taarifa nyingine nyingi hazikutoka, hadi leo. Kuna wazee walioanza upya kama wageni. Kuna bibi mmoja ambaye mwenyewe amesahau alitibiwa nini, na sisi hatuna pa kusoma. Nikimwona getini, nainamisha uso. Kuna siku nashindwa hata kumsalimia.

Lakini niko hai, na ninamshukuru Mungu aliyenitoa stoo ile kwa sauti ya mwanamke aliyechoka kama mimi. Asante, Yesu!

Wewe uliyejifungia mahali, ukaomba na hujasikia kitu, mwamini hata hivyo. Njoo mbele tuombe. Usione haya. Mimi natangulia kupiga magoti, maana bado nahitaji.