Gitaa Jekundu la Landu Kiasala

Ndugu, jamaa na majirani mliokalia viti vya kukodi tangu juzi, nyamazeni kidogo, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Landu Kiasala tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii bila kuruka mwaka 1979.

Landu alizaliwa tarehe 4 Februari 1949 huko Mbanza-Ngungu, enzi hizo paliitwa Thysville, akiwafuata mapacha tumboni, ndiyo maana ya jina lake. Alianza shule kwa mapadri mwaka 1956, akaacha darasa la tano mwaka 1961 kwa sababu alizozieleza kwa namna tatu tofauti, na mwaka 1963 akaja hapa mjini Kinshasa kwa mjomba wake Matondo, seremala wa Kintambo, akajifunza kuchonga vitanda, makabati na majeneza. Jioni alijifunza gitaa la besi, na mwaka 1970 akachukuliwa na bendi ya mzee Bolumbu.

Tarehe 18 Agosti 1973 alimwoa Tusevo Bazola, huyu aliyeketi hapa mbele, akamchongea kwa mikono yake kitanda cha mvule, na kwenye ubao wa kichwani akaweka njiwa wawili wanaotazamana, lakini patasi ikateleza, njiwa mmoja akatoka na mdomo uliopinda. Bibi harusi alicheka mbele ya wakwe, akasema, "Huyu si njiwa, huyu ni kuku anayeumwa jino." Walijaliwa watoto wanne, Mbuta mwaka 1974, Luzolo 1976, Nsona 1980 na Diasiwa 1984, wote wako hapa, wamekula na wameshiba.

Sasa mwaka 1979. Mwezi wa Mei Tusevo alirudi kutoka kumzika mama yake, akakuta ubao wa kichwani mwa kitanda umekatwa wote, Landu akasema umeliwa na mchwa. Mchwa wale mvule, tena kwa msumeno! Tusevo alijua mbao zimekwenda kwa mwanamke, akaanza kunusa mashati. Mwezi huohuo besi ya mzee Bolumbu ikapotea, Landu akaacha bendi, na mwezi wa Agosti akapanda jukwaani na wenzake wapya akiwa na besi yake mwenyewe, nyekundu, isiyo na jina la kiwanda wala namba.

Kinshasa hii kila mtu anajua kwamba gitaa ni la mwenye bendi, mpigaji akihama anahama na vidole vyake tu. Kwa hiyo watu hawakuuliza kama ameiba, waliuliza ameibaje. Kila mpiga besi aliyepita uani aliligeuza gitaa lile na kulitolea hukumu, huyu akasema shingo nene hivi ni ya Kijerumani, yule akasema hapana, vikazio hivi vya nyuzi ni vya Kijapani, na mzungu mmoja mnunuzi wa magitaa ya kale akalipiga picha, akapekua vitabu vyake, akasema hajawahi kuliona popote. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba aliyelikwangua jina alikuwa na sababu. Landu akiulizwa alijibu, "Limetoka mbali," na kuomba chai.

Mwaka 2016 alipatwa na ugonjwa wa sukari, vidole vikafa ganzi, akaacha kupiga, akafariki dunia tarehe 9 Juni 2018 saa kumi na moja alfajiri, hajaongeza hata neno.

Jana mchana, jeneza likiwa limeshafika uani, akaingia Ilanga, mwana wa marehemu mzee Bolumbu, amevaa suti ya kijani utadhani amealikwa harusini, akamwinamia Tusevo.

"Pole sana, mama. Hatutaki kesi na maiti. Tupeni gitaa la baba, tulie pamoja."

"Gitaa la baba yako? Umelijuaje, lina masharubu?"

"Baba aliunguza herufi yake chini ya kifuniko cha mgongoni. Tufungue. Isipokuwepo, nitapiga magoti mbele ya jeneza."

Wapishi waliacha sufuria, na Tusevo aliona wanawe wanne wakitoka makaburini wakiitwa watoto wa mwizi, naye hana neno hata moja la kumtetea mumewe, maana hata yeye hakumwamini.

"Fungua," akasema. "Bora nijue leo ninamlilia nani."

Luzolo akalileta gitaa, Ilanga akatoa bisibisi mfukoni, alikuja nayo, akafungua kifuniko. Herufi haikuwepo. Palikuwa na mvule mtupu, haukupakwa rangi, na juu yake njiwa aliyepinda mdomo.

"Kuku wangu," Tusevo akasema. Halafu akapaza sauti, "Kuku wangu huyu! Kumbe mwanamke mwenyewe ndiye huyu!"

Hapo ndipo mzee Nzeza, mpiga gitaa mwenzake Landu, alipofumbua kinywa. "Shemeji, angesema kalichonga Kintambo, nani angempandisha jukwaani? Mwizi anapigiwa makofi. Seremala anaambiwa arekebishe viti."

Ilanga alipiga magoti kama alivyoahidi, lakini akiwa bado chini akauliza, "Mbao ni zake, sawa. Na hizi sumaku na nyaya za kunasa sauti, alizitoa wapi?" Mzee Nzeza akashikwa na kikohozi, hakijaisha hadi sasa, mnakisikia, na familia haina desturi ya kumhoji mgonjwa. Gitaa linabaki nyumbani, leo Luzolo atalipiga mpaka kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupatia ua na maji, wanamuziki wenzake, na hata waliomwita mwizi, kwani hawakukosa dansi lake hata moja. Ilanga, asante kwa bisibisi.

Landu, miaka thelathini na tisa mkeo amelala kichwa kikigonga ukuta, nawe ukawasingizia mchwa. Lala kwa amani, baba, kitanda cha leo ni chako peke yako, na hakuna atakayekikata.