Dakika Ishirini za Seva ya Pili

Benchi letu liko mbele ya duka la misumari na rangi, pale barabara ya Villa Azucena inapoanza kupanda kwa hasira kuelekea hospitali. Mimi nashona viatu upande wa kushoto, wananiita Gundi. Kulia hukaa Don Evelio, karani mstaafu, ambaye hata ukimuuliza saa anakusomea hukumu. Huyo ni Mahakama. Katikati ni Don Hernando, aliyeendesha basi la milimani miaka thelathini na minne akaangusha abiria mmoja tu, tena mkwewe. Huyo ni Breki. Kahawa ni ya Doña Nelcy, anayesukuma chupa zake tatu za chai kwenye kigari cha mtoto mchanga. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alishuka Nubia Marleny, anayetunza kompyuta za chumba cha kuita magari ya wagonjwa. Macho mekundu. Akaomba kahawa mbili, akazishika zote mbili, asinywe hata moja. Breki alipomwona akageuka akatazama ukuta.

Kwa nini ukuta, kila mtu alijua. Jumanne mjukuu wake, Yurany, alishikwa na uchungu. Wakapiga simu, chumba kikaupokea wito, lakini skrini za magari yote ya wagonjwa zilikuwa zimekufa. Zilikaa hivyo dakika ishirini. Mtoto akazaliwa kwenye lori la sukari guru, juu ya magunia, dereva akiwa amefumba macho kwa heshima.

— Mtoto anaendeleaje, Don Hernando? — Nubia akauliza.

— Ananukia guru, — Breki akauambia ukuta.

— Kunywa kwanza, mwanangu, — alisema Doña Nelcy. — Kahawa haishikwi kama rozari.

— Imetokea tena leo, Doña Nelcy. Saa mbili asubuhi. Dakika ishirini zile zile. Bahati tu hakuna aliyepiga simu.

— Na wakubwa wanasemaje? — nikauliza.

— Saa sita kuna kikao. Fundi wa mkataba kamwambia mkurugenzi kosa ni langu. Wanataka kuing'oa seva ya pili, tubaki na moja. Na mimi nadhani wataning'oa pamoja nayo.

Mahakama akavuta miwani hadi puani. Akivuta miwani, kesi imeanza.

— Mtuhumiwa aeleze. Seva ya pili ni nani, na anafanya nini hapo hospitali?

— Ni kompyuta pacha, Don Evelio. Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili inakaa kando, inasikiliza mapigo ya mwenzake kupitia waya. Zina anwani moja ya pamoja, ndiyo inayotafutwa na magari. Ya kwanza ikizimika, ya pili inaichukua ile anwani ndani ya sekunde mbili, kazi inaendelea.

— Na kwa nini ya kwanza inazimika?

— Kifaa chake cha umeme kimechoka. Kipya kiko njiani. Lakini hilo silo tatizo! Pacha amewekwa kwa ajili ya hilo hilo.

— Basi pacha mvivu, — nikasema.

— Si mvivu, Don Gundi! Nimesoma kumbukumbu zake mpaka naziota. Saa mbili na dakika nne: mwenzangu kimya, nimechukua anwani. Nikachomeka kompyuta yangu pale pale chumbani, nikamwita, akaitika. Ila magari yanaita, yanaita, hayampati. Halafu zikitimia dakika ishirini, bila mtu kugusa kitu, yote yanampata.

Hapo ndipo tulipopaswa kukubali kwamba hatujui kitu. Lakini benchi letu halijawahi kukubali hivyo tangu lipigiliwe.

— Baridi hiyo, — alisema Doña Nelcy. — Mashine iliyokaa bure haina moto. Hata kikaango cha arepa, mikate yangu ya mahindi, ukikiamsha ghafla kinakununia. Mpe dakika ishirini apate joto. Haraka haraka haina baraka.

— Mwambie hivyo mwenye uchungu, — ukuta ukajibu kwa sauti ya Breki.

— Lakini kwangu aliitika papo hapo, — Nubia akasema. — Baridi ingemnyamazisha kwangu pia.

— Nipeni nafasi, — Mahakama akainua kidole. — Fahali wawili hawakai zizi moja, na wahenga walikuwa wanazungumzia mirathi. Huyu wa kwanza kazimika, hajafa. Wa pili kanyakua anwani ya mtu aliye hai. Zile dakika ishirini ni muda wa rufaa.

— Rufaa kwa nani?

— Kwa mwenyewe. Asipokata rufaa, anwani inahamishwa kisheria. Miaka ishirini na saba nimegonga mihuri, binti, sijakosea.

— Ukungu, — nikasema mimi, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika. — Tangu Jumapili ukungu unateremka kutoka mlimani. Anwani inatoka hospitali vizuri, ikifika kona ya kanisa haioni njia. Jua likichomoza inajikongoja mpaka kwenye magari.

Breki akageuka mzima mzima. Ukungu ni mambo yake.

— Gundi, wewe ungekuwa abiria wangu ningekushusha! Ukungu nimeuendesha miaka thelathini na minne, haujawahi kula anwani. Unakula taa, unakula ng'ombe. Dakika ishirini nakwambia mimi ni nini: ni empanada mbili na soda. Madereva wanazima skrini wakale, basi! Wamezizima wenyewe!

Nubia akaweka vikombe vyote viwili chini.

— Don Hernando, mimi unitukane, sawa. Rubén, dereva wa gari la wagonjwa, usimguse. Jumanne skrini yake ilikuwa tupu, akasikia kwa muuza matunda kwamba kuna msichana analia kule juu. Akakimbia kwa miguu mlima mzima, na begi mgongoni, kwa sababu hakujua ni nyumba ipi. Alifika lori limeshaondoka. Alikaa pale barabarani akalia.

Breki alimtazama binti huyo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

— Sikuambiwa hilo.

— Hukuuliza, ulikuwa na ukuta.

Doña Nelcy akammiminia Breki kahawa bila kuagizwa, maana mtu akikosa la kusema hupewa la kunywa. Na Mahakama akafungua kesi upya:

— Yapo makaburi ya masista chini ya hospitali. Kumi na mmoja. Ukigawa dakika ishirini kwa kumi na mmoja...

— Inatoka ngapi? — nikauliza.

— Haigawanyiki! Ndiyo maana inatisha.

Tukacheka, na Nubia akacheka pia, kicheko cha mtu aliyesahau kwa nini hakulala. Akanywa kahawa ya kwanza kwa mkupuo mmoja.

Hatukuwa tumemwona mama aliyesimama pembeni, mtungi mtupu wa gesi miguuni pake. Alikuwa mgeni wa mtaa, Doña Aracelly, aliyehamia chumba cha juu ya duka akitokea kule darajani. Tulikuwa tumemsalimia mara mbili tatu, basi. Alikuja kuuliza kama gari la gesi limepita, akakuta tuna kesi.

— Samahani, — akasema. — Mimi sijui mashine. Lakini huyo wa pili akishahamia kwenye anwani, nani anawaambia wengine?

— Wengine nani, mama? — Nubia akauliza.

— Hao wanaopeleka vitu. Mimi nimehama wiki tatu sasa. Ukija kubisha mlangoni kwangu nakufungulia. Lakini mtu wa gesi bado anaangusha mtungi wangu kule darajani, kwa sababu kichwani mwake Aracelly ni yule wa darajani. Mpaka asahau mwenyewe. Wenu labda anasahau haraka kuliko wangu.

Mimi nilikuwa na kiatu mkononi, nikakishona mahali ambapo hakijachanika. Nubia alikuwa amesimama.

— Ruta, — akasema, kama anayemtaja mdeni aliyepotea. — Kile kisanduku kipya cha kuelekeza mtandao! Walifunga mwezi uliopita. Mawasiliano ya magari yote yanapita kwake. Yeye ndiye anayekumbuka anwani iko kwa mashine ipi. Pacha akichukua anwani hupiga kelele mtandao mzima: jamani, sasa ni mimi! Kompyuta yangu haikuwa na cha kusahau, ilichomekwa upya. Lakini ruta... ruta lazima wameiagiza isisikilize kelele ambazo haikuuliza. Kwa usalama! Inang'ang'ania ya zamani mpaka dakika ishirini ziishe.

— Kwa hiyo hakuna rufaa, — Mahakama akasema kwa huzuni.

— Saa ngapi? — Nubia akauliza.

— Tano kasorobo, — Doña Nelcy akasema.

Nubia akautazama mlima. Ni ngazi mia tatu na kitu, na alikuwa hajalala siku mbili. Breki akainuka, magoti yakalia kama mlango wa basi lake.

— Panda jeep yangu.

— Don Hernando...

— Panda, mwanangu, kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

Ile jeep ilipanda ikipiga honi kwenye kila kona, hata zisizo na mtu. Tulisikia honi mpaka juu hospitali. Kisha tukakaa. Doña Nelcy hakusukuma kigari chake kwenda sokoni kama kila siku. Doña Aracelly akapewa nafasi ya Breki, akasema ni ngumu, tukamwambia ataizoea. Saa sita kengele ya kanisa ikapiga, na sote tukautazama mlima.

Walirudi saa saba na nusu. Breki alishuka kwanza, akaenda upande wa pili kumfungulia mlango Nubia. Kitu hicho hakuwahi kumfanyia hata askofu.

— Semeni! — Doña Nelcy akapiga kelele.

— Ilikuwa ruta, — Nubia akasema. — Mstari mmoja tu. Nimeiambia iendelee kuwapuuza wote wanaojipigia kelele, isipokuwa hawa pacha wawili. Halafu kikaoni mkurugenzi akaanza kusoma barua yangu ya kufukuzwa. Nikamwomba ashuke chumbani na fundi wake. Mbele yao wote nikaung'oa waya wa umeme wa seva ya kwanza.

— Mungu wangu! — nikasema. — Na kama ungekosea?

— Rubén alikuwa amekaa kwenye redio, tayari kuwaita madereva kwa sauti. Hakuhitajika. Skrini ya gari lake haikupepesa. Mkurugenzi kasimama pale na saa yake, anasubiri. Akaniuliza, "Unaanza lini?" Nikamwambia, "Nimeshamaliza."

Breki akacheka hadi akakohoa.

— Na barua?

— Kaikunja mfukoni. Fundi wa mkataba ndiye amebaki kueleza kwa nini hakuandika popote alichokifanya kwenye ruta. — Akamgeukia Doña Aracelly, akamshika mikono yote miwili. — Mama, mimi nilimtazama pacha siku mbili, usiku na mchana. Sikumtazama anayebeba.

— Aa, mimi nilikuwa naulizia gesi tu.

— Kesho unakuja kumwona mtoto, — Breki akamwambia Nubia. — Na Rubén umlete. Yurany anataka amwone aliyekimbia.

Tukanywa kwa hilo. Doña Nelcy akainamisha chupa ya mwisho hadi ikatoa pumzi. Mahakama alikuwa tayari anatangaza kwamba alisema tangu mwanzo ni suala la matangazo, imo kwenye kumbukumbu. Doña Aracelly akainua mtungi wake, akapiga hatua mbili, akarudi.

— Binti, nisamehe, kitu kimoja tu. Ulisema wanasikilizana mapigo kwa waya. Sasa siku huo waya wenyewe ukikatika, na wote wawili wazima, si kila mmoja atadhani mwenzake amekufa, ainyakue anwani?

Mahakama akavuta miwani, akaivua. Breki akaniangalia mimi, nami nikakiangalia kiatu. Nubia akaketi polepole, akatafuta kalamu kwenye mkoba, akageuza kikaratasi cha andazi upande usio na mafuta.

— Rudia swali, mama, — akasema. — Taratibu.