Vibaba Viwili vya Samai

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni vigoda. Leo tunamkumbuka Bibi Veerayi wa hapa hapa kwetu, Milima ya Kolli, aliyefariki Jumatatu akiwa na miaka themanini na mmoja. Veerayi, mtunza samai. Na nisiwafiche, Veerayi mwenye wivu.

Miaka ile sote tuliiacha samai. Nani alitaka nafaka ya punje ndogo kuliko ulezi, unatwanga mpaka mabega yanakufa ganzi? Tulipanda mihogo, kiwanda kikanunua. Kuppammal, wifi yake Veerayi, akajenga nyumba ya matofali. Mashamba yao yamepakana. Kila Veerayi akiinuka kutoka kwenye palizi, macho yanagonga ukuta ule. Roho ilimuuma, jamani. Na wifi hakumwacha apumue. Akipita humuuliza kama kuku wameshiba, maana samai ni chakula cha kuku.

Kisha mihogo ikaoza ardhini, miaka miwili mfululizo. Kuppammal akaja na kikapu kitupu, kaomba mbegu. Kwetu mbegu hainyimwi, mnajua. Unapewa kibaba, ukivuna unarudisha viwili. Veerayi akamwambia aje kesho kutwa.

Alipoondoka tu, Veerayi akaichemsha mbegu ile, akaianika juani hadi ikakauka. Naam, aliichemsha. Mwenyewe alimkiria bintiye, Selvi, siku chache kabla ya kufa.

Lakini wivu una haraka. Maji hayakuchemka sawasawa; Kuppammal alipoipanda, zikaota punje kumi na moja. Alizifunika kwa kipande cha sari ndege wasidonoe. Mwaka wa kwanza akapata konzi moja. Wa pili, kikapu.

Mwaka wa tatu nyumba ya Veerayi ikaungua, na mbegu yote ndani. Samai ile ikawa haiko kwa mtu mwingine milimani ila kwa wifi yake. Kuppammal akamjia na vibaba viwili.

“Deni lako hili, wifi,” akamwambia. “La ile uliyonichemshia.”

Jana nilimuuliza Mama Kuppammal kama alifanya vile kwa wema. “Wema gani? Nilitaka kuiona sura yake.”

Tangu hapo, kila msimu, Veerayi alimgawia wifi yake kwanza, akimtafunia punje moja mbele ya macho yake, aone ni mbichi. Hawakuwahi kupendana. Ila samai mnayopanda leo ilitoka kwao.

Jumanne, tulipomtilia marehemu nafaka mdomoni kama ilivyo desturi yetu ya kuaga, wengine tulileta mchele. Kuppammal alileta samai. Akatafuna punje moja kwanza, sote tukimwona.

“Mbichi hii, wifi,” akasema. “Na bado watu wanaiita samai ya Veerayi. Hata leo umenishinda.”

Pole, Selvi. Pole, Mama Kuppammal. Nasi tuliobaki tujitazame rohoni. Yule unayemwonea kijicho akija na kikapu kitupu, mpe mbichi.