Mshono Umenyooka

Nesi alitoka zamu hoi, akitaka kusinzia tu ndani ya basi. Mama aliyekaa kando yake akaiona sare.

"Nesi, mwanangu ni fundi cherehani. Dawa zenu za akili zimemtuliza, ila mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano."

Nesi akapiga mwayo. "Ubongo una tarishi wake, mama, dopamini. Akizidisha mbio, mtu anasikia sauti. Dawa inamzibia njia, lakini mikono nayo inamtegemea tarishi huyo huyo. Mrudishe mwanao kwa daktari amrekebishie dozi."

"Nimesharekebisha. Nampa nusu. Sasa anashona kama zamani."

Usingizi ukamruka nesi. "Na sauti?"

Basi likasimama. Mama akainuka taratibu na kikapu chake.

"Zimerudi. Zinamwambia namtilia sumu kwenye chai. Lakini mshono, nesi, umenyooka."