Mtungi wa Pumba wa Dada Ndeshi

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, jamaa na majirani poleni kwa msiba, mimi naitwa Bariki Elisaria Akyoo, mdogo wake marehemu, na kabla sijaanza naomba mniwie radhi, maana historia hii nitaisoma vibaya, familia ilitafuta msomaji mwenye sauti ya heshima, ikamkosa, ikabaki na mimi, mtu mliyezoea kumwona jukwaani amevaa gauni la shangazi na mto tumboni.

Dada yetu Ndeshi alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Poli, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Elisaria Akyoo na mama yetu Eunike, ambaye tunaye pale mbele, alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, na mwalimu wake wa mapishi aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anapika vizuri ila hafuati maelekezo, karatasi ambayo dada aliitunza kama wengine wanavyotunza shahada.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Nathanael Kaaya, fundi seremala, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Elinipa na Joel, na wajukuu watano ambao hadi leo wanaamini kila nyumba duniani inapika maharage kwa sukari.

Mwaka 1988 aliajiriwa shamba la maua Usa River, na mwaka 1994 akaingia jikoni kwa Bwana Hayashi, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Japani, ambaye mkewe hakujua Kiswahili na dada hakujua Kijapani, basi walifundishana kwa kuonja, mmoja anatia chumvi, mwenzake anakunja uso, wameelewana, na kwa miaka saba akajifunza chapati nene ya kabichi na mayai, wali wa kufinyanga kwa mkono, ambao yeye aliufunga kwa jani la sukuma wiki kwa sababu mwani wa baharini wanaoufungia Wajapani haujawahi kupanda mlima huu, chai ya shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na vikeki viwili viwili vilivyobana maharage ya sukari katikati. Kulikuwa pia na bakuli la wali lenye kuku na yai juu yake, ambalo Wajapani huliita mzazi na mtoto, na baba yetu alipoelezwa maana yake alisema huo ni ukatili, kumpika mama pamoja na mwanawe, akala akiwa amehuzunika sana, halafu akaomba bakuli la pili.

Familia ya Hayashi iliondoka tarehe 30 Agosti 2001, wakamwachia dada mtungi wa udongo wenye pumba za mpunga zilizochanganywa na chumvi na maji, ambamo unafukia tango au karoti leo, kesho unatoa achari ambayo wengi wenu mmeila pale kwenye mgahawa wake Usa River, alioufungua mwaka 2003, ila masharti yake ni kwamba pumba zile zina uhai, lazima zikorogwe kwa mkono mtupu kila siku, ukiziacha zinaoza. Mama aliuliza kwa nini chakula cha nguruwe kitunzwe kama mtoto mchanga wakati nguruwe mwenyewe ana njaa, lakini dada alikoroga kila asubuhi kwa miaka karibu ishirini na minne, siku ya harusi ya Elinipa alikoroga, na asubuhi ya kumzika mumewe alinawa mikono, akakoroga, ndipo akavaa nguo nyeusi.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 alilazwa, na mtungi ule, uliobaki jikoni kwake, katika ukoo wote huu wenye watu wenye akili, akanikabidhi mimi, ambaye tangu Februari, nilipomzika mke wangu Jackline, nilikuwa sitoki hata uani. Siku nne nilikoroga kwa mkono, siku ya tano baridi ya Juni ikanishauri nitumie mwiko, siku ya sita nikasema kesho, na siku ya tisa nilipofunua niliziba pua, nikabeba mtungi hadi bandani, nikammwagia nguruwe wa dada, ambaye tangu azaliwe sijamwona na furaha ile.

Kila nilipokwenda hospitali dada aliuliza kitu kimoja.

"Umekoroga?"

"Nimekoroga, dada."

Nilimdanganya siku kumi na mbili, na Jumapili tarehe 22 nikashindwa, nikamweleza yote, nguruwe na furaha yake, dada akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akanishika mkono.

"Nilijua, Bariki. Nanyori ana kopo lake la pumba hizohizo tangu mwezi wa tano. Wewe nilikupa mtungi ili utoke ndani."

Nanyori ni mkwewe, mke wa Joel, binti kutoka Oldonyo Sambu, na hajaruka siku hata moja. Dada alifariki Jumanne tarehe 24 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali achari iingie wodini, majirani mlioleta kuni, ndizi na maziwa, kwaya, na wafanyakazi wenzake wa mgahawani walioendelea kupika huku wanalia.

Dada Ndeshi, umesimama jikoni muda mrefu, sasa keti, upumzike kwa amani ya Bwana, nami Nanyori amenigawia konzi mbili za pumba, leo asubuhi nimekoroga, kwa mkono.

Tangazo la mwisho, tukitoka makaburini chakula kipo nyumbani, achari ni ya kopo la Nanyori, kuleni bila wasiwasi, lakini aliyechinjwa jana ni nguruwe yuleyule, kwa hiyo ukiona nyama imekolea chumvi kuliko kawaida, usimlaumu mpishi, nilianza kumwunga mimi, akiwa bado hai.